Chifu anataka nirudi ubaoni, mkuu wa chuo anaitaka roboti Sabasaba

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja cha mambo ya bahari hapa Dar es Salaam. Nafundisha uhandisi wa meli kwa wanafunzi wa diploma, mwaka wa pili: uthabiti wa meli (namna meli inavyosimama tena ikiinama), pamoja na umeme wa melini. Darasa lina wanafunzi 38.

Tangu muhula uanze, saa nne za karakana za kila Ijumaa nimezitumia kwa mradi mmoja. Makundi sita, kila kundi linaunda roboti ndogo ya chini ya maji inayoendeshwa kwa waya. Si ubunifu wangu. Ni aina ile iliyoenea mashuleni Marekani kwa jina la SeaPerch, baada ya MIT kuianzisha mwaka 2003: fremu ya mabomba ya PVC ya nusu inchi, mota tatu za volti 12 (mbili za kusukuma na kugeuza, moja ya kupanda na kushuka), maboya juu, kisanduku cha swichi, na waya wa mita 15 unaotoka kwenye betri iliyo nchi kavu. Sisi mota tunazipata kwenye pampu ndogo za kutolea maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti), zile za boti za faiba, kwa kuwa zimeshazibwa tangu kiwandani. Tunakata kizimba cha plastiki, tunang'oa panga la pampu, tunafunga propela. Bwawa letu ni tenki la plastiki la lita 5,000 lililokatwa juu.

Wanafunzi walichanga shilingi 15,000 kila mmoja. Zaidi ya nusu ya fedha hiyo imeshageuka mabomba, mota na nyaya.

Sasa mkuu wa idara yetu, ambaye chuo kizima tunamwita Chifu kwa kuwa aliwahi kuwa chifu injinia kwenye meli za mizigo, ameniambia mradi usimame. Anasema meli haiendeshwi kwa mabomba ya bafuni. Hoja yake kubwa ni matokeo: kwenye jaribio la katikati ya muhula karibu nusu ya darasa walianguka uthabiti. Anataka saa za Ijumaa ziwe za kujiandaa na mtihani wa mdomo. Kuwasha injini kuu iliyolala, kengele ya mvuke wa mafuta kwenye krankikesi (kizimba cha chini cha injini), meli kuzimika umeme katikati ya njia. "Mtahini hatamuuliza mtu roboti," ndivyo alivyosema mbele ya wakufunzi wenzangu.

Ningeweza kubishana na mkuu wa idara mwingine yeyote. Huyu ndiye aliyenifundisha mimi mwenyewe, ndiye aliyenisemea nikapata ajira, na kwenye posa yangu alisimama kama mshenga. Mwakani anastaafu.

Upande wa pili, mkuu wa chuo alipita karakana siku roboti ya kundi la tatu ilipookota pete chini ya tenki. Alifurahi kupita kiasi. Ameagiza tuipeleke maonesho ya Sabasaba, na kabla ya hapo tuionyeshe baharini mbele ya wageni, pale gatini. Chifu alikuwepo. Hakusema kitu.

Wanafunzi nao wamegawanyika. Wapo wanaosema hilo ndilo darasa pekee wanaloshika kitu, maana injini ya silinda nne iliyopo karakana ni moja na spana unaisubiri kwa zamu. Wengine wameanza kudai hela zao, hasa wa makundi mawili ambayo roboti zao zinazunguka kwa nguvu zikiwa juu ya meza lakini zikiingia majini zinatambaa kama zinaumwa. Mota moja nayo imeingia maji. Wengi wa wanaodai ni wale ambao hata hivyo Ijumaa husimama pembeni wakiwaangalia wenzao wawili watatu wenye mikono myepesi.

Nifanyeje, Mama? Nikisimamisha, naona nawasaliti wanafunzi na kuirudisha karakana kuwa chumba cha kuandika nukuu. Nikiendelea kwa kivuli cha mkuu wa chuo, nitakuwa nimempita mzee wangu kichwani. Nami ninaamini kabisa kwamba uhandisi wa bahari haufundishiki kwa chaki peke yake.

Mkufunzi wa Ijumaa,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako kwa utaratibu. Kwa jinsi ulivyoieleza, umesimama kati ya mzee aliyekulea kikazi, bosi aliyependa kitu chako kwa haraka, na vijana 38 wenye 15,000 zao ndani. Swali umeliweka hivi: roboti au ubao. Kabla sijagusa njia ulizozitaja, niruhusu niuchokonoe kidogo mgawanyo huo, kwa sababu sina hakika kwamba Chifu naye anaugawa hivyohivyo.

Tazama anacholinda. Kijana wako akitaka kuwa ofisa wa zamu chumba cha injini, STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unampa njia mbili. Ya kwanza ni programu iliyoidhinishwa: mafunzo ya karakana na muda wa baharini, jumla isiyopungua miezi 12, yakiandikwa kwenye daftari la mafunzo ya melini, na angalau miezi 6 awe ameshika zamu chini ya usimamizi. Ya pili, kwa asiye na programu hiyo, ni miezi 36, na 30 kati yake iwe baharini kwenye idara ya injini. Mtu aliyefika ngazi ya chifu injinia anajua tofauti ya njia hizo kwenye maisha ya kijana, na anajua nafasi za kadeti (mwanagenzi) melini zilivyo adimu. Akiona nusu ya darasa imeanguka, haoni alama tu, anaona vijana wanaoteleza kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili. Kauli ya mabomba ya bafuni ilikuwa kali, na kuitoa mbele ya wenzako kulikuumiza. Lakini hofu iliyo nyuma yake si ya kupuuzwa.

Halafu angalia maswali aliyoyataja. Kengele ya mvuke wa mafuta: unapunguza mwendo, unaarifu daraja (chumba cha kuongozea meli), unasimamisha injini ikiruhusika, na milango ya krankikesi huifungui hadi ipoe, kwa kawaida si chini ya dakika 20, kwa sababu hewa ikiingia kwenye mvuke wenye joto unaweza kulipuka. Hilo ni swali la mikono lililovaa nguo za mdomo. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuweka kiganja kwenye mlango wa krankikesi hulijibu kama shairi la kukariri, na mtahini mzoefu hulisikia hilo kwenye sentensi ya pili. Kwa hiyo je, Chifu anapinga vitendo, au anapinga kitendo ambacho haoni kinaingia wapi kwenye mtaala wake? Sijui. Wewe umeshamuuliza? Barua yako inaeleza alichokwambia, haielezi ulichomuuliza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo pengine hutalipenda. Unaandika kana kwamba roboti na matokeo ya uthabiti ni mambo mawili yasiyohusiana. Nadhani yanahusiana, na huenda si kwa namna unayoitaka.

Roboti iliyozama yote haina eneo linalokatwa na uso wa maji. Kwa hiyo haina metasenta (M) ya kuzungumzia, ile nukta ambayo meli inayoelea huyumba kana kwamba imening'inizwa hapo. Inasimama wima kwa sababu moja tu: kitovu cha uelezi, B (katikati ya sehemu iliyozama, maji yanaposukuma juu), kiko juu ya kitovu cha uzito, G. Ndiyo maana maboya yanafungwa juu na mota nzito zinakaa chini. Mwanafunzi akilishika hilo kwa mikono yake Ijumaa baada ya Ijumaa, analiamini. Kisha Jumatatu unamchorea meli inayoelea, ambayo kwa kawaida G yake iko JUU ya B na bado imesimama vizuri, kwa sababu ikiinama kidogo umbo la sehemu iliyozama linabadilika, B inahamia upande ulioinama, na kinachohesabiwa ni kama G iko chini ya M. Kijana anaona unamdanganya. Au anaandika kwenye jaribio kwamba meli ikiwa na G juu ya B itapinduka.

Zitoe karatasi za jaribio lile na uhesabu ni wangapi waliandika hivyo, au kitu kinachofanana na hivyo. Wakiwa wengi, Chifu ana hoja ambayo hata yeye hajaiona: roboti inafundisha, ila inafundisha nusu ya somo, na nusu hiyo inaigonga nusu nyingine. Wakiwa wachache, hapo una ushahidi kwamba tatizo liko kwingine, pengine kwenye hesabu za trigonometria, na utaweza kumwonyesha. Kwa vyovyote vile utakuwa na kitu mkononi kuliko imani, hata imani nzuri kama yako.

Dawa ya pengo hilo, kama lipo, haihitaji fedha mpya. Ni tishari (chombo bapa cha mizigo) la mbao linaloingia kwenye tenki lenu hilohilo. Sanduku la plaiwudi, urefu mita 1, upana sentimita 30, kimo sentimita 20, lipakwe epoksi ndani na nje. Jaza farumi ya mifuko ya mchanga mpaka lizame sentimita 10. Hapo uzito wake wote ni kilo 30, na mwanafunzi anaweza kulihakiki kwenye mizani badala ya kukuamini. K ni chini kabisa ya tishari, na kila jozi ya herufi ni umbali kati ya nukta mbili. KB ni sentimita 5. BM, kwa umbo la sanduku, ni upana mara upana kugawa kwa mara 12 ya kina cha kuzama: 900 kugawa kwa 120, sentimita 7.5. Kwa hiyo KM ni sentimita 12.5. Mpaka hapo ni ubao mtupu.

Sasa ning'iniza timazi ya sentimita 50 kwenye mlingoti, ncha yake izame kwenye kopo la mafuta ili isicheze. Weka kipande cha gramu 400 sentimita 10 upande wa kushoto wa mstari wa kati, na kingine sawasawa upande wa kulia. Hakikisha tishari limesimama wima. Kisha chukua cha kushoto ukihamishie kulia, juu ya mwenzake, umbali wa sentimita 20. Soma timazi imehama kiasi gani. Ikihama milimita 33, GM ni kama sentimita 4, na KG inabaki sentimita 8.5. Rudisha, hamishia upande wa pili, soma tena. Chora grafu ya momenti (uzito mara umbali uliohamishwa) dhidi ya mwinamo. Inatakiwa iwe mstari ulionyooka. Ukipinda, tafuta sababu kabla hujafuta namba: kamba imegusa ukingo wa tenki, maji yameingia ndani ya tishari, mtu ameegemea, au mwinamo umezidi nyuzi 4 au 5, pale ambapo kanuni ya pembe ndogo huanza kuchoka.

Baada ya hapo fanya lile ambalo wengi hulikumbuka hata wakisahau mengine. Toa kilo 2.5 za mchanga, weka mahali pake, kwa kimo kilekile, beseni la mstatili lenye urefu wa sentimita 30 na upana wa 28, ndani mna maji ya kina cha sentimita 3. Uzito ni uleule. Hamisha gramu 400 zilezile. Timazi inakwenda kama milimita 61. Uso huru wa maji, yaani maji yanayoachwa yahame upande hadi upande, umekula karibu sentimita 1.8 za GM yenu ya sentimita 4. Sasa chomeka kiambaza kimoja katikati ya beseni, kwa urefu, bila kupunguza maji. Timazi inarudi kwenye 38 hivi, kwa sababu hasara inategemea upana kwa nguvu ya tatu, na kuugawa upana mara mbili kunaishusha hasara hadi robo. Waambie waandike makisio KABLA ya kusoma timazi. Hapo ndipo somo lilipo. Namba zenyewe wanaweza kuzinakili kwa jirani. Nchi iliyozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018 haihitaji kushawishiwa kwa nini fundi mitambo aielewe GM, na sidhani Chifu angeliita tishari hilo mchezo.

Kuhusu roboti zinazotambaa, nakuomba usione aibu nazo, maana ndizo zenye somo nono kuliko ile iliyookota pete. Sijui mmetumia waya gani, lakini dalili ulizozieleza nazifananisha na waya mwembamba, pengine ule wa mtandao wa kompyuta. Waya huo una ukinzani wa kama omu 0.084 kwa mita. Mita 15 kwenda na 15 kurudi ni omu 2.5. Juu ya meza propela inazunguka hewani, mota inavuta umeme kidogo, hasara njiani ni ndogo, kila mtu anafurahi. Ikiingia majini propela inapata mzigo, mota inataka ampia 2, na volti 5 kati ya 12 zinaishia kwenye waya. Na kama mota zote tatu zimepewa waya mmoja wa kurudi, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu umeme wa zote unapita humo. Mwanafunzi apime kwa maltimita kwenye ncha za mota, roboti ikiwa ndani ya maji na swichi imebonyezwa. Waya wa milimita moja ya mraba utaishusha hasara hiyo hadi volti 1 hivi. Utakuwa mzito na mgumu, utaivuta roboti mkia, kwa hiyo utahitaji vipande vidogo vya boya kila baada ya mita moja hivi. Mhandisi wa meli anaishi ndani ya mabadilishano ya namna hiyo. Usiwatatulie.

Ile iliyoingia maji, mkague mwanzo wa waya kabla ya kulaumu sili ya mota. Mara nyingi maji hayapiti pale ulipopaka silikoni. Hupita ndani ya waya wenyewe, katikati ya nyuzi za shaba, kuanzia pale ganda lilipochubuka. Shaba iliyochunwa, ikaunganishwa kwa risasi na kuzamishwa kwenye epoksi, huziba njia hiyo. Na kabla ya kurudisha majini, pima ukinzani wa ganda la waya kwa kipimo kiitwacho mega, mota zikiwa zimetolewa, kama watakavyopima nyaya za melini.

Hapo nimefika kwenye karatasi ambayo ningependa uiangalie kabla hujafanya uamuzi wowote. Jedwali A-III/1 la STCW lina safu nne, na safu ya tatu inataja njia za kuonyesha umahiri. Mafunzo ya karakana yaliyoidhinishwa na ya vifaa vya maabara yamo. Chukua kazi zako za Ijumaa, moja moja, uzipange mbele ya mistari ya jedwali hilo: zana za mkono na vifaa vya kupimia, matengenezo ya vifaa vya umeme, uthabiti na usalama wa meli. Zipange kwa uaminifu. Kupima nyaya kutapata mstari wake bila shida. Kupaka rangi fremu hakutapata. Utakachobaki nacho kinaweza kuwa saa mbili badala ya nne, na hilo lenyewe ni jibu la aina fulani.

Lipo pia suala la mikono. Umelitaja mwishoni kwa sentensi moja, mimi lingeniumiza kichwa kuliko Sabasaba. Kama wawili watatu ndio wanaounda na wengine wanaangalia, basi kwa wale wanaoangalia Ijumaa yako ni ubao, tena usio na chaki. Hawadai hela kwa sababu roboti inatambaa. Wanadai kwa sababu hawakununua kitu. Ungeweza kudai kila mwanafunzi aunganishe angalau kiungo kimoja cha waya chenye jina lake kwenye lebo, na kila mmoja ahojiwe dakika tano peke yake, roboti ikiwa mbele yake: kwa nini fyuzi iko hapa, ikikatika utatafuta wapi kwanza, boya hili ukilishusha chini kutatokea nini. Huo ni mtihani wa mdomo. Unajua nani ni hodari wa kuuendesha kuliko wewe.

Sasa njia zako.

Unaweza kusimamisha. Si usaliti, kama utaeleza wazi na ukatoa hesabu ya maandishi ya fedha: zilizoingia, zilizotumika, vifaa vilivyopo, salio kwa kila mmoja. Bila karatasi hiyo, 15,000 ndogo inaweza kukuchafulia jina kubwa. Hatari ya njia hii ni kwamba makundi mawili yatakwenda nyumbani na imani kwamba walishindwa, bila kujua walishindwa na omu mbili na nusu. Hatari nyingine ni wewe mwenyewe kukaa na kinyongo ukisubiri mzee astaafu. Kinyongo cha namna hiyo hujitokeza darasani hata usipokusudia.

Unaweza kupunguza: tishari kwanza, roboti mbili badala ya sita, nusu ya muda ikawa ya maswali ya Chifu. Hii inavutia kwa sababu inaonekana kumridhisha kila mtu. Lakini wanafunzi 19 kwenye roboti moja ni watazamaji wengi zaidi ya hao ulio nao sasa, isipokuwa uwagawe kwa zamu: kundi kwenye tishari, kundi kwenye nyaya, kundi kwenye injini, kundi mbele ya Chifu. Zamu hizo zinahitaji mtu wa pili karakanani. Kama hakuna, usiahidi.

Unaweza kuegemea kwa mkuu wa chuo. Ana mamlaka, na ameshasema. Ila fikiria alichokipenda: roboti iliyookota pete. Hajapenda jedwali, wala GM, wala mega. Sabasaba ikipita, mapenzi hayo yanaweza kupita nayo, na wewe bado utakuwa na mkuu wa idara yuleyule, na akiondoka, watu wale wale waliosikia akikukemea. Kwa upande mwingine, agizo la mkuu wa chuo lipo tayari. Kulipuuza nako ni uamuzi. Chifu alikuwepo agizo lilipotoka na akanyamaza. Ukimya huo unaweza kuwa hasira, unaweza kuwa heshima kwa bosi, au pengine anasubiri aone kama utakwenda kwake kwanza au la. Kwa mtu aliyekuwa mshenga wako, kumfuata nyumbani jioni si sawa na kumwandikia barua ya ofisini, na hilo unalijua kuliko mimi.

Ukienda, kuna namna nyingi za kuanza. Ukianza na "vitendo ni muhimu," utakuwa unamfundisha mtu aliyefungua injini kabla hujazaliwa. Ukianza na karatasi za jaribio, "nimehesabu, hawa wamekosea hapa, nadhani ni kwa sababu hii," utakuwa unamwomba msaada wa kitaaluma, na huo anao. Anaweza bado kusema hapana. Hapana yake baada ya kuona karatasi itakuwa na sababu zinazojadilika, na inawezekana ikakushawishi.

Kuhusu onyesho la gatini, hilo halisubiri nyinyi wawili mpatane, kwa hiyo nalisema wazi. Maji ya tenki ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, ya bahari ni kama 1,025. Roboti yenye ujazo wa lita 4 iliyotulia vizuri kwenye tenki itaelea baharini kwa gramu 100 za ziada, na mota yenu moja ya wima itapambana nazo mbele ya wageni. Beba vipande vya kuongeza uzito. Dar es Salaam wakati wa bamvua (maji makubwa) maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo pale gatini utaichukua roboti na waya wake kuelekea nguzo au propela ya boti. Kama ni lazima, chagueni siku ya maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo), saa ambayo maji yamesimama, waya uwe na mtu wake wa kuushika ambaye hana kazi nyingine, na asiwepo mtu wa kuruka majini kuifuata. Umeme uwe wa betri peke yake. Chaja ya umeme wa ukutani isiwe imeunganishwa hata dakika moja roboti ikiwa majini. Fyuzi ya ampia 10 ikae kwenye waya chanya, sentimita chache kutoka kwenye betri, si ndani ya kisanduku cha swichi, kwa sababu waya ukichubuka kabla ya kufika kisandukuni betri ya risasi itamwaga mamia ya ampia. Ukimaliza, suuzeni kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Na kama moja ya masharti hayo haliwezekani, unayo haki ya kumwambia mkuu wa chuo kwamba wageni waje kwenye tenki.

Karatasi za jaribio unazo kabatini. Zikishakwambia zinachosema, niandikie tena kama utapenda, pamoja na jibu la Chifu.